Mama Makreti na Kazi Isiyo na Mlio

Katika miaka yote niliyokaa jirani naye, sikuwahi kumsikia akigonga msumari. Nalitaja hili kwanza kwa sababu kazi yake ilikuwa ya mbao, na kazi ya mbao ina kelele zake. Sisi wa nyumba za reli pale Nsambya, Wakenya katika nchi ya Waganda, tulizoea kelele za kila aina: mabehewa yakigongana chini bondeni, kengele ya misheni, askari wakiimba asubuhi. Lakini kutoka chumba chake, ng'ambo ya seng'enge, kwenye nyumba za polisi, ulitoka mkwaruzo mdogo tu wa kipande cha kioo kikipita juu ya ubao.

Alitengeneza makreti na paleti, ndogo ndogo, za kupanga katika mashamba ya mfano. Shule za mtaa wa Mengo na za kwetu zilipenda kujenga shamba zima juu ya meza kwa ajili ya siku ya wazazi: ng'ombe wa udongo, migomba ya karatasi, ghala la maboksi. Baadaye kikaja kituo kimoja cha kufundishia wakulima, nje ya mji, ambako wakulima walisimama kuizunguka meza na kuonyeshwa kwamba gunia la mahindi halilazwi sakafuni, linalazwa juu ya paleti ili hewa ipite chini, na kwamba nyanya zikisafirishwa guniani zitafika sokoni zikiwa mchuzi. Paleti yake ilikuwa na upana wa kiberiti. Kreti lake lilikaa juu ya kiganja na kubakisha nafasi ya jingine. Mbao aliziokota sokoni, kutoka kwenye maboksi ya nyanya yaliyovunjika, akazipasua kwa kisu, akazilainisha kwa kioo, akazikata kwa wembe. Watu wote, pamoja na wauza mkaa, walimwita Mama Makreti.

Siku moja nilimwuliza kwa nini hatumii nyundo, hata ile ndogo ya fundi viatu. Alikuwa amekaa kizingitini, miguu imenyooshwa, akisukuma pini ndani ya ubao kwa mgongo wa kijiko, polepole, kama mtu anayemtoa mwenzake mwiba.

"Digirii," akasema, "kama mimi nagonga, nitasikia namna gani mtu kama nagonga mlango?"

Digirii nilikuwa mimi. Jina hilo alinipa nilipomaliza chuo, nikiwa nimesomea kilimo na sina kazi, na tangu siku hiyo mama yangu naye akawa Mama Digirii kwa mstari mzima wa nyumba zile. Mimi ni mtu wa kulifikiria jambo mpaka lenyewe lichoke. Jibu lake lile nililala nalo. Nilijiuliza ni mlango upi, ni mgongaji yupi, na je, anamngoja au anamkimbia? Nikaanza na mimi kutega sikio nyumbani kwetu, bila sababu, mpaka baba akaniuliza kama nina deni na mtu.

Jibu, nililolipata kidogo kidogo kwa miaka, ni kwamba alikuwa anamngoja mmoja na kuwakimbia wengine, na wote wangekuja kwa mlango uleule.

Mumewe alikuwa dereva wa polisi. Wakati wa vita, jeshi jipya lilipokuwa linaukaribia mji, alipewa gari na kuamriwa aelekee kaskazini, nyumbani kwao wote wawili. Akamwambia mkewe asitoke. "Ngoja hapa hapa. Mimi nikirudi nitakuja hapa." Gari halikurudi, na yeye hakurudi. Mjini wakaja wakubwa wapya, polisi ikapangwa upya, majirani wakahama na wengine wakahamia, na yeye akabaki katika chumba kile cha mwisho wa mstari, kilichokuwa bado kwa jina la mtu asiyekuwepo. Ukimwuliza mumewe yuko wapi, alijibu kwa sauti ileile ambayo mtu angekwambia bei ya chumvi:

"Iko safari."

Hakuna aliyemcheka. Wengi wa mstari ule walitoka kaskazini na kila nyumba ilikuwa na mtu wake aliyekwenda safari. Sisi Wakenya wa upande wa reli tulifundishwa na mama tusiulize mara ya pili.

Ndani ya chumba chake hakuna kitu kilichogusa sakafu. Godoro lilikuwa juu ya mbao, mbao juu ya matofali. Sanduku la nguo juu ya matofali. Mtungi, jiko, mfuko wa unga, hata viatu vya kanisani, kila kimoja kilikuwa juu ya paleti yake, na hizo alizitengeneza kwa kipimo cha kweli. Nilipoingia mara ya kwanza nilihisi kama nimeingia ghala ambalo mwenye mali anakuja kesho na lori. Nilidhani ni kwa ajili ya maji, maana mvua ikinyesha sana mtaro wa nyuma ulifurika.

"Maji pia," alikubali. "Lakini kitu nakaa chini nasahau kutembea."

Semi zake zilikuwa za namna hiyo. Ukizifuata sana zinakuumiza kichwa. Kuhusu paleti alisema mbao ni kitu cha bure, kazi iko katika nafasi. Kweli nilimwona akiitupa paleti nzima, imara, yenye pembe zilizonyooka, kwa sababu nafasi kati ya ubao na ubao haikupitisha kichwa cha njiti ya kiberiti. "Hii gunia yake nakufa," alisema, kana kwamba lilikuwepo gunia. Kuhusu kanisa alisema Mungu anasikia vizuri zaidi watu wa nyuma, na alikaa daima benchi la mwisho, karibu na mlango, kitambaa cha kichwa kimefungwa mafundo mawili kama mtu anayekwenda mbali. Kuhusu mimi alisema kwamba nikipewa ugali nitaanza kuuliza mahindi yalipandwa lini.

Hata hivyo usimfikirie kuwa alikuwa mwanamke wa kujikunja pembeni. Siku moja, jua la mchana, koplo mmoja wa mstari wao alirudi amelewa, akamtoa mkewe nje na kuanza kumpiga mbele ya watu. Wanaume walikuwepo. Mimi pia nilikuwepo, upande wetu wa seng'enge, nikipima kama nikiita nitasikika, na nikisikika nitafanywa nini. Mama Makreti akatoka na mwiko.

"Wewe koplo! Mwanamke yako nakupikia, nakufulia, halafu napiga yeye? Kuja piga mimi! Mimi iko mzee, mimi iko rahisi!"

Koplo akageuka, kofia ikamwanguka.

"Ona! Kofia naanguka, akili pia naanguka. Okota moja kwanza, tuone utachagua gani."

Watu wakacheka, na kicheko kikamshinda koplo nguvu. Akaokota kofia, akaingia ndani. Mama Makreti alirudi chumbani kwake akitembea taratibu, mwiko umening'inia. Nilipomfuata baadaye kidogo kumpa pole, nilimkuta ameketi juu ya kitanda, mikono imebanwa kati ya magoti, meno yakigongana. Siku ile hakushika wembe tena.

"Mama, lakini pale nje hukuogopa."

"Nani nasema? Mimi naogopa tangu asubuhi ya ile vita mpaka leo. Kazi tu nafanya na woga, kama wewe nafanya kazi na mafua."

Nimelifikiria hilo kuliko mihadhara yote niliyoandika chuoni.

Kosa lake kubwa, ambalo mstari mzima ulilijua, lilikuwa la gundi. Gundi ya dukani hakuiamini, ilinuka petroli. Aliunga mbao zake kwa uji mzito wa unga wa muhogo, pini mbili tatu zikisaidia. Kazi ilitoka safi, nyeupe, haina hata tone. Shule moja ya Mengo ilinunua ghala zima, paleti zimepandana na makreti juu yake, wakaliweka ndani ya kabati la vioo likingoja siku ya wazazi. Hakuna aliyewafikiria mende. Mende walikula muhogo wote kutoka ndani, kimya kimya kama mwenyewe alivyofanya kazi, wakaacha mbao zimesimama kwa mazoea. Siku yenyewe mgeni wa heshima aliinua kreti moja la juu kulisifia, na ghala lote likalala mezani mbele ya wazazi. Mgeni akabaki ameshika ubao mmoja.

Walimu walicheka mpaka machozi. Aliyeleta habari naye alikuwa anacheka. Lakini Mama Makreti hakucheka. Alifunga dirisha, akaniita, akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule mgeni ni mtu wa serikali.

"Ni mkaguzi wa shule tu, Mama."

"Aliandika jina yangu?"

"Hapana."

"Aliuliza mimi nakaa wapi?"

Nilimwambia hapana tena, ingawa sikujua, na hapo nikaanza kuogopa kwamba labda aliuliza. Alizificha kazi zake chini ya kitanda mpaka hofu ilipopita. Aliporudi kazini, alichanganya pilipili kali ndani ya uji wa muhogo. Mende waliacha. Ila mwalimu mmoja aliyepanga shamba la mfano kisha akajifuta jicho alitembea na kitambaa usoni siku nzima, na watoto wa shule hiyo waliziita paleti zile paleti za moto.

Mtu angeweza kuuliza, na mimi niliuliza, kwa nini hakwenda kuishi na binti yake. Alikuwa na binti mmoja, ameolewa na polisi, nyumba yao iko Naguru, upande mwingine wa mji, yenye veranda na bomba la ndani. Nilipolitaja alinitazama kama niliyemwambia avue nguo.

"Mimi nilale chini ya bati moja na mkwe wangu? Nikikohoa anisikie? Nyinyi Wakenya mambo hii nafanya?"

Hatufanyi. Kwetu pia mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Alikwenda Naguru kwa mguu, akakaa chini ya ukuta upande wa jikoni, akabeba wajukuu, akarudi kabla mkwe hajatoka kazini. Kwa hiyo chumba kile cha mwisho wa mstari kilikuwa ndicho pekee alichonacho duniani. Na ndipo hapo alipoambiwa angoje.

Kilichomlinda kwa miaka ile kilikuwa mtu mmoja. Mzee aliyesimamia nyumba za polisi alikuwa wa zamani, amefanya kazi na mumewe. Kila alipopita kukagua nani anakaa wapi, alifika mlango wa kabla ya ule wa mwisho, akakumbuka shughuli nyingine, akageuka. Mzee huyo akastaafu. Akaja kijana, ofisa mpya, msomi, na habari ikazagaa haraka kuliko harufu ya samaki: Jumamosi anapita mlango kwa mlango. Kanuni, kama walivyoieleza wake za polisi pale bombani, ilikuwa wazi. Askari akifa kazini, mkewe huachiwa chumba mpaka wakubwa waamue. Askari akitoroka kazi, mlango unafungwa siku hiyohiyo.

Wakati huo nilikuwa nimepata kibarua katika kile kituo cha wakulima, na nilikuja nyumbani mwisho wa juma tu. Ijumaa jioni mama alinieleza yote kabla sijavua viatu. Nilikwenda kwenye seng'enge. Mama Makreti alikuwa anamalizia oda ya kituo chetu, amezipanga paleti juu ya kanga zikauke.

"Mama, kesho utasema nini?"

"Nitasema ile nasema siku zote."

"Watakufungia mlango."

Aligeuza paleti moja ikauke upande wa pili. Nikaendelea, maana mimi nikianza siwezi kusimama. Nikamweleza kwamba ni neno moja tu. Kwamba labda hata ni kweli. Nilipolisema hilo la mwisho aliinua uso.

"Digirii, wewe nasoma sana. Kama mimi nasema amekufa, nani tena dunia hii nasema iko hai?"

Usiku huo nilijipanga sentensi za kumtetea, kwa Kiswahili, kwa Kiganda, kwa Kiingereza, nikazifuta, nikazipanga tena. Nilifikiria akikataa, mizigo yake itawekwa wapi. Nilifikiria akikubali, mumewe akirudi atakuta nini. Asubuhi aliniita kupitia seng'enge.

"Kuja simama na mimi. Simama tu. Kizungu hapana."

Baba alikuwa amekwisha kunionya. "Sisi ni wageni katika nchi hii. Mambo ya polisi na nyumba zao hayatuhusu." Alisema kweli, na nilimwogopa, na niliwaogopa polisi kuliko yeye. Hata hivyo nilipita pale seng'enge ilipokatika.

Ofisa alikuja na askari wawili. Alikuwa wa umri wangu, labda tulikuwa chuo mwaka mmoja, viatu vinang'aa, uso wa mtu ambaye hakupenda kazi ya siku ile. Kwenye mlango wa kabla ya mwisho hakukumbuka shughuli nyingine. Alikuja moja kwa moja.

"Nnyabo," akasema, akimwita bibi kwa Kiganda, "habari ya asubuhi. Huyu ni mtoto wako?"

"Ya jirani."

"Kale, sawa. Mwenye nyumba iko wapi?"

"Iko safari."

"Safari ya wapi?"

"Ya kazi."

Ofisa akawatazama askari wake, kisha akashusha sauti. "Nnyabo, tafadhali. Mimi nataka kukusaidia. Kama alitoroka, leo nafunga hii mlango, na sitafurahi. Kama alikufa kazini, wewe nabaki. Unaniambia moja, mimi naandika, naenda. Lakini safari siwezi kuandika."

Wanawake walikuwa wametoka kwenye milango yao mstari mzima, wamesimama na sufuria, na vitambaa vya kufulia. Nilimtazama Mama Makreti pembeni. Alikuwa ameshika fremu ya mlango, kidole gumba kikisugua mbao pale ilipopauka, huku na huko, kana kwamba anatafuta mahali palipo na kasoro. Sentensi zangu zote zilinitoka. Sikujua nimwombee aseme lipi, na niliogopa kwamba angenigeukia kuniuliza.

Hakunigeukia.

"Alikufa," akasema.

Ofisa akavua kofia. "Pole sana, nnyabo. Lini?"

"Ile mwaka ya vita."

"Kuna mtu aliyeona?"

"Mimi ndiyo mke yake," alisema. "Nataka nani mwingine?"

Ofisa aliandika, akarudisha kofia kichwani, akasema pole mara ya pili. Wale askari wawili nao wakasema pole, mmoja wao kwa lugha ya kwao kaskazini. Kisha wakageuka kurudi walikotoka, maana mlango ule ulikuwa wa mwisho. Nilisubiri afurahi. Nilitaka hata kumpongeza, Mungu anisamehe. Chumba kilikuwa kimebaki.

Alibaki ameshika fremu. "Digirii," akasema, "ita mama yako."

Mama alikuja na povu la sabuni mikononi. Hakuhitaji kuelezwa, alikuwa amesikia akiwa bombani. Kwetu kifo kikishatamkwa hakiachwi hivi hivi, hakilali bila kuliliwa, hata kama kimechelewa kutamkwa, hata kama hakuna wa kuzika. Aliifunga kanga kiunoni, akamshika Mama Makreti mabega, akamkalisha chini, sakafuni, akakaa naye. Wanawake wengine wakaanza kusogea, mke wa koplo mbele yao, wakiweka sufuria chini popote.

Ndipo mama alipokwama. Miaka yote tulimwita mtu yule Afande, tulipomtaja. Hakuna aliyewahi kutaja zaidi.

"Dada," mama akasema taratibu, "tumlilie kwa jina gani?"

Mama Makreti alilitaja. Lilikuwa jina fupi. Alilitaja tena, kwa nguvu zaidi, na mara ya tatu haikuwa tena kutaja. Mama akalipokea, wanawake wakalipokea kutoka kwa mama, likashuka mstari mzima, mlango kwa mlango, mpaka ofisa na askari wake kule mbali wakasimama.

Wote walikuwa wamemgeukia yeye. Mimi peke yangu nilikuwa nimegeukia barabara, nikitazama kila mwanaume aliyekuwa anapanda kilima, nikiogopa kwamba mmoja wao angeitika.